Kiwango cha Kumi na Tano

Hospitali ile ilikuwa na madaktari wenye vyeo virefu na mashine zenye majina marefu zaidi, lakini kitu kilichoiamsha kila asubuhi kilikuwa kisanduku cheusi cha chuma, kimefungwa kwa skrubu ndani ya kabati la ukutani nyuma ya mapokezi, kina matundu ya kebo mbele kama meno ya mtu anayecheka peke yake. Hiyo ndiyo swichi ya mtandao, inayoziunganisha kompyuta. Kebo zote za ghorofa ya chini ziliingia humo: za maabara, za duka la dawa, za makarani wa malipo, za wodi ya wazazi. Fundi wake walimwita Kebo, naye alikuwa amelizoea jina hilo kiasi kwamba ukimwita kwa lile alilopewa na baba yake, aligeuka nyuma kumtafuta huyo mtu.

Kebo alipenda kusimulia kwamba swichi yake haijawahi kuzimika tangu ilipofungwa. Umeme ukikatika, betri inashika. Betri ikichoka, jenereta limeshanguruma. "Mlinzi wa getini kalala mara ngapi? Mganga mkuu kalala mara ngapi? Huyu hajapepesa jicho," alisema, na kila alipoisimulia aliongeza mwaka mmoja juu, hadi swichi ikaizidi umri hospitali yenyewe. Watu walicheka, wakamwachia kiti kantini.

Binti yake alikuja hapo kwa mafunzo ya vitendo baada ya kumaliza stashahada ya mitandao. Mkuu wa Mifumo, bwana nadhifu aliyevaa kitambulisho shingoni hata akienda msalani, alimfungulia jina la kuingilia kwenye swichi. Jina la kiwango cha kwanza.

Swichi haina picha za kubonyeza wala kishale cha kusukuma huku na huku. Unaunganisha laptopu, skrini nyeusi inafunguka, unaandika amri kwa herufi, nayo inakujibu kwa herufi, kama mke na mume walionuniana wanaoachiana vikaratasi mezani. Na inabagua. Mtu wa kiwango cha kwanza anawekewa alama ya mshale mwanzoni mwa mstari. Anaruhusiwa kuuliza hali: tundu gani liko hai, lipi limekufa. Akithubutu kuandika amri ya kubadilisha kitu, swichi haimwambii amekatazwa. Inamwambia haielewi anachosema, hata kama ameandika sawasawa. Mtu wa kiwango cha kumi na tano anawekewa alama ya reli, ile ya mistari iliyokatizana, na huyo anaweza kufungua tundu, kulifunga, au kufuta kila kitu kisha akaenda zake kunywa chai.

Kukatazwa, hilo binti angelivumilia. Kilichomchoma ni kuambiwa kila siku na kisanduku kwamba haeleweki.

"Shikamoo, Mkuu," alisema asubuhi moja, amesimama mlangoni kwa sababu hakuambiwa akae. "Nilikuwa naulizia ile barua yangu ya kuomba kupandishwa kiwango."

"Marahaba. Iko kwenye mchakato."

"Mafunzo yangu yanakaribia kwisha, Mkuu, na sijagusa kitu bado."

"Angalia kwanza. Kuangalia nako ni kujifunza. Mimi gari nilijifunza kwa kuangalia tu."

Karani aliyekuwa akipanga mafaili pembeni akakohoa ili asicheke. Hospitali nzima ililijua gari la Mkuu, na ilizijua nguzo zote lililowahi kuzisalimia.

*

Nyumba waliyoishi ilikuwa ya hospitali, vyumba viwili na baraza, kwenye safu ya nyumba za wafanyakazi nyuma ya chumba cha kufulia. Mama wa nyumba hiyo alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa barazani, na wateja wake walikuwa wauguzi: kupunguza sare, kubadilisha zipu, kuongeza kiuno cha aliyetoka kujifungua. Baraza lile ndilo lililowasomesha. Na Kebo alikuwa amebakiza muda mfupi tu astaafu. Utaratibu ulikuwa kwamba anayestaafu anarudisha funguo, isipokuwa kama mtu wa nyumba yake naye ameajiriwa hapohapo. Nafasi ya fundi mtandao ilikuwa inatarajiwa kutangazwa. Kwa hiyo kila kitu, paa na baraza na cherehani, kilikuwa kinamsubiri binti aonekane anafaa.

"Utaonekanaje unafaa na umefungwa mikono?" Kebo alimuuliza wakati wa chakula cha mchana. "Ingia kwa jina langu."

"Baba, si imekatazwa?"

"Imekatazwa kumpa mtu baki. Wewe ni mtu baki?"

"Baba kebo zimemwingia kichwani," binti akamwambia mama yake.

"Mpe tu," mama akasema bila kuinua uso kutoka kwenye sahani. "Funguo za nyumba si anazo? Paswadi ndiyo nini?"

Kebo akampa. Akampa pamoja na desturi yake ya kazi, kwa sauti ya mtu anayerithisha shamba. "Nisikilize. Ukitaka kumfanyia jambo la hatari, kwanza mwambie ajizime na kuwaka upya mwenyewe baada ya nusu saa. Halafu ndiyo ufanye kazi yako. Ukikosea ukajifungia nje, usitoke jasho. Kaa, subiri. Akishawaka atakuwa amesahau ulichomfanyia, na mlango utaukuta wazi. Ukimaliza salama, ifute ile amri ya kujizima."

"Nisipoifuta?"

"Utaifuta. Nani anasahau sufuria motoni?"

"Wewe," mama akajibu.

*

Kliniki mpya ya meno ilipofunguliwa mwisho wa ukumbi, kompyuta yake haikupata mtandao. Kebo alikuwa ametumwa jengo la pili kuvuta waya darini. Akampigia binti simu: nenda wewe, tundu lile linataka kufunguliwa tu na kuwekwa kwenye kundi la kliniki.

Binti akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, akafungua laptopu mapajani, akaandika jina la baba yake na paswadi ya baba yake. Alama ya reli ikatokea. Hakuna aliyekuwa akimtazama, lakini alikaa wima kama anayepigwa picha. Akaiamuru swichi ijizime baada ya nusu saa. Ikamuuliza kama ahifadhi kwanza mabadiliko yaliyomo; akajibu hapana, kama alivyofundishwa, kwa kuwa maana yote ya mtego ule ni kurudi nyuma mambo yakiharibika. Kisha akafungua tundu, akaliweka kundini, akasubiri. Kompyuta ya daktari ikalia mlio wake, picha ya mgonjwa wa kwanza ikashuka skrini nzima, magego yote na mashimo yake.

"Yaani hapohapo?" Daktari wa meno, mama mnene mchangamfu, akapiga makofi. "Mwanangu, nimeomba hii kitu tangu nihamie! Wakaleta watu wawili, wakatikisa waya, wakaondoka na chai yangu!"

Kelele zile zikamvuta Mkuu wa Mifumo aliyekuwa akipita. Akachungulia, akatazama skrini, akatazama binti ambaye alikuwa ameshafunga laptopu.

"Nani kafanya?"

"Baba kanielekeza," binti akasema. Haikuwa uongo.

"Hm. Vizuri." Mkuu akafanya jambo ambalo hajawahi kumfanyia mwanafunzi yeyote: akatabasamu. "Ile nafasi inatangazwa hivi karibuni. Uandike."

Akaenda zake. Binti akabaki ameshika laptopu kama mtu aliyepewa mtoto mchanga ghafla. Daktari akamshika bega. "Sasa na mimi sina cha kukupa zaidi ya kazi yangu. Kaa hapo nikuangalie meno. Bure. Utakuwa mgonjwa wangu wa bahati."

Akalazwa kwenye kiti kinachorudi nyuma, taa ikawashwa juu ya uso wake, kioo kidogo kikaingia mdomoni pamoja na vidole viwili vyenye glavu. Binti alikuwa anawaza jinsi atakavyoingia nyumbani na kusema Mkuu kasema niandike. Alikuwa anawaza uso wa mama yake. Ndipo, akiwa ameachama vile, akaikumbuka sufuria aliyoiacha motoni.

"Aaa! Aaa!"

"Inauma? Hapa?"

"Aaa! Aa-aa!"

"Tulia basi, nisije nikakuchoma. Ni gego hili la nyuma, eh?"

Picha ya magego ikatoweka kwenye skrini. Daktari akageuka kuitazama, na nje ukumbini ikasikika sauti ya karani wa kwanza, kisha wa pili, kisha ya mtu mmoja mmoja akisema jambo lilelile: "Imekwenda."

*

Swichi ilichukua dakika chache tu kuwaka. Kama ingewaka na akili yake ya asubuhi, mambo yangeisha kwa lawama na kikombe cha chai. Lakini kisanduku kile kina kumbukumbu mbili: ya kufanyia kazi, inayofutika umeme ukikata, na ya kuhifadhia, inayobaki. Kila ulichobadilisha kinakaa kwenye ile ya kwanza mpaka uamuru kihamishiwe ya pili. Kebo hakuwa na mazoea hayo. Angehifadhi kwa ajili ya nini, na swichi yake haizimiki? Maabara ilipohamishwa, aliipangia matundu upya, ikafanya kazi, akaondoka. Duka la dawa lilipopanuliwa, hivyohivyo. Makarani walipoongezwa, hivyohivyo. Swichi ikawaka na akili ya siku ilipofungwa ukutani. Haikuijua maabara. Haikulijua duka la dawa. Kliniki ya meno ndiyo kabisa haijazaliwa.

Kebo alikuja mbio na vumbi la dari nywele nzima, mvi juu ya mvi. Akapiga magoti mbele ya kabati, akaanza kuandika kutoka kichwani, tundu kwa tundu, akiuliza kwa sauti kama mlevi anayetafuta nyumba yake: "Maabara ni kundi gani? Nilimweka wapi huyu?" Mengine aliyakumbuka. Mengine aliyabahatisha, akakuta amewapeleka makarani wa malipo kwenye wodi.

Mchana ule wahudumu walipandisha majibu ya vipimo ngazini kwa miguu. Risiti ziliandikwa kwa mkono, na makarani waligundua kwamba wamesahau kuandika kwa mkono. Mzee mwenye bandeji ya kichwa alitangazia foleni kwamba yeye aliumia kidogo tu, haya mengine ameyapatia hapa. Mama mmoja aliyejifungua juzi yake alizuiwa getini na kichanga chake kwa sababu malipo yake hayakuonekana. Alisimama juani akimwonesha mlinzi simu, ujumbe wa malipo huu hapa, na mlinzi akimjibu bila kuitazama: "Mimi natazama kompyuta, mama. Kompyuta haikujui." Binti alikuwa anapita na waya begani. Alisikia. Akainamisha kichwa, akapita.

Jua lilipoanza kupoa kila kitu kilikuwa kimerudi, isipokuwa kliniki ya meno, ambayo Kebo aliisahau.

*

"Haya, mniambie kama mnavyomwambia mtu," mama alisema jioni, amekaa kwenye kiti cha cherehani lakini hashoni. "Nani kaharibu?"

"Mimi," wakasema wote wawili.

"Mnaimba kwaya?"

"Mimi ndiye niliyesahau kufuta ile amri, mama. Nilikuwa nimeachama kwa daktari wa meno kama kinda la ndege."

"Angesahau akiwa na swichi ya mtu mwingine, isingekuwa kitu," Kebo akasema. Alikuwa hajaoga, vumbi lilikuwa bado kichwani. "Ingezima, ingewaka, watu wangelaani umeme. Mimi sikusevu. Miaka yote hiyo, mke wangu. Nafanya kazi, inakubali, naondoka."

Mama akamtazama. "Yaani nguo ya watu umeishikiza kwa pini, ukaivalisha, ukaiacha itembee mjini."

"Ndiyo hivyo."

"Na kila siku unajisifu kantini kwamba haijapepesa jicho."

Binti akasema, "Kwenye daftari la matukio, lile ambalo swichi hulituma kwenye kompyuta ya Mkuu, kuna jina la baba tu. Kiwango cha kumi na tano, jina kebo. Mimi simo."

Kila mmoja akalipima jambo hilo kivyake. Mama ndiye aliyekuwa na roho ya kulisema.

"Basi nyumba hii haitaki mashujaa wawili. Baba yako ana miaka mingi pale, watamfokea, watamwandikia onyo, atamaliza kipindi chake kichwa chini, lakini atamaliza. Wewe hata kuanza hujaanza. Wakikuandika wewe, hata barua ya mafunzo hupati." Akamgeukia mumewe. "Utasema ulikuwa wewe mwanzo mwisho."

"Nilikuwa nimeshaamua."

"Mimi sikuamua," binti akasema.

"Wewe hujaulizwa," mama akasema, akaikanyaga pedali ya cherehani ingawa chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.

*

Waliitwa wote wawili. Ofisini kwa Mkuu wa Mifumo alikuwepo na Afisa Utumishi, mwanamke mwenye miwani na kalamu ya bei, aliyeandika kila neno kana kwamba anatoza kila neno. Kulikuwa na viti viwili tu, na vilishakaliwa.

"Nilikuwa mimi," Kebo alisema kabla ya kuulizwa. "Niliweka amri ya kujizima, nikasahau kuifuta. Na kabla ya hapo sikuwa nikihifadhi mabadiliko. Hilo ndilo kubwa zaidi. Kama ningehifadhi..."

"La kuhifadhi si letu leo," Mkuu akamkata. "Kusahau ni ubinadamu. Hata mimi nasahau. Swali langu ni dogo. Wakati ule ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Ulikuwa kwenye dari la jengo la pili. Mafundi wa umeme watatu walikushikia ngazi. Na mashine, Kebo, haiandiki jina tu. Inaandika na ilipotoka amri. Imetoka kwenye laptopu ya mafunzo." Hakumtazama binti. "Kwa hiyo ama una mikono mirefu kuliko kebo zako, ama ulimpa mtu paswadi yako ya kiwango cha kumi na tano."

Kebo aliwahi kumsimulia huyuhuyu Mkuu hadithi nyingi ndefu, na zote zilipita. Hii fupi ikagoma.

"Nilimpa. Binti aliandika barua ya kuomba kiwango chake mwenyewe, Mkuu. Ipo mezani kwako. Ungeipitisha, asingehitaji changu."

Kalamu ya Afisa Utumishi, iliyokuwa haijapumzika tangu waingie, ikapumzika. Ilianza tena Mkuu alipofungua mdomo.

"Paswadi ni ya mtu mmoja. Haina mke, haina mtoto. Leo umempa mwanao, kesho utampa nani? Mitandao ya watu wagonjwa hii! Kosa la kusahau nalisamehe. Hili siwezi, hata ungekuwa ndugu yangu wa tumbo moja."

"Mkuu," binti akasema, "mimi ndiye niliyeitumia."

"Wewe ni mwanafunzi. Ulipewa na mkubwa, ukatii. Tunachotaka kwako ni maelezo tu. Kaa."

Afisa Utumishi akainuka, akampisha kiti chake na kumsogezea karatasi. Kebo alibaki amesimama. Binti akaandika mistari michache, Afisa akaichukua, akaisoma, akairudisha.

"Hapa umeandika 'baba yangu alinipa.' Rekebisha. Andika 'mtumishi tajwa.' Baba ni mambo ya nyumbani."

Binti akamtazama baba yake. Kebo alikuwa amekazia macho kalenda ya ukutani kama mtu anayetafuta sikukuu. Kisha, kwa sauti ileile aliyomfundishia kazi, akasema, "Andika wanavyotaka. Andika vizuri, wasije wakakurudishia tena."

Akaandika. Mtumishi tajwa. Akaambiwa asome kwa sauti, kwa ajili ya kumbukumbu, akasoma, na jina kamili la baba yake likasikika mle ofisini kama la mtu aliyefariki. Kebo hakugeuka.

Alisimamishwa siku hiyohiyo, na kuachishwa baadaye kidogo, kwa kukiuka usalama wa mifumo. Mafao yake yakawekwa pembeni hadi uchunguzi ukamilike, na wote wanaojua ofisi wanajua maana ya hadi.

*

Lakini swichi haiachishwi kazi. Inataka mtu. Na aliyekuwa anazijua kebo zile baada ya Kebo alikuwa mmoja tu. Mkuu akamwita binti, safari hii akampa kiti.

"Tunakupa mkataba wa muda. Ukifanya vizuri tutaona mbele. Na kiwango chako nimekipandisha," akasema kwa ukarimu, kama anayetoa figo. "Kumi na tano."

Jirani wa nyumba ya pili, mama wa duka la dawa, alipita barazani jioni kutoa pongezi. "Hongereni! Mmoja katoka, mmoja kaingia. Nyie mmejipanga, jamani. Sisi wengine tungelia."

"Karibu zipu," mama akamjibu. "Na sare yako ya kulilia ukitaka, nitakushonea."

Kazi ya kwanza aliyopewa binti ilikuwa kumfuta mtumishi tajwa kwenye kila swichi. Siku hiyo Kebo alikuwa ameitwa kukabidhi vifaa: koleo la kubania vichwa vya waya, kipima kebo, tochi, funguo za makabati. Afisa wa stoo alihesabu polepole, akirudia, huku binti akiwa hatua chache kutoka hapo, laptopu juu ya meza ya mapokezi, alama ya reli mbele yake kwa jina lake mwenyewe. Akaandika amri ya kuliondoa jina kebo. Alitegemea swichi imuulize kama ana uhakika. Kwa mambo madogo huwa inauliza. Kwa hili haikuuliza. Ilishuka mstari mmoja chini, ikasubiri amri inayofuata.

"Tayari?" Mkuu akauliza kutoka mlangoni.

"Tayari."

"Tochi haina betri," afisa wa stoo akasema.

"Betri nilinunua mwenyewe," Kebo akasema.

"Basi zingekuwemo."

Kebo akatoa betri mfukoni, akaziweka mezani.

Wiki iliyofuata Afisa Utumishi alimwita binti kuhusu nyumba. Binti alikwenda amevaa vizuri, akijua ni kubadilisha jina la mpangaji tu. Akaelezwa kwa upole kwamba nyumba ni za waajiriwa wa kudumu. Mkataba wa muda hauna nyumba.

"Lakini tuliambiwa mtu wa nyumba akiwa ameajiriwa..."

"Ameajiriwa, ndiyo. Wewe una mkataba." Akavua miwani, akaifuta. "Kama baba yako angestaafu kawaida, tungeangalia kiubinadamu. Sasa huyu aliachishwa."

Binti akarudi nyumbani akiwa ameyapanga maneno njiani, lakini alipofika mama yake alimtazama mara moja tu, akaanza kufungua skrubu za cherehani kutoka kwenye meza yake.

*

Chumba walichopata kilikuwa nyuma ya gereji, na pazia likakigawa. Baraza hakikuwa nalo. Cherehani ikakaa dirishani, na wauguzi hawakuja, kwa sababu hakuna muuguzi anayepita nyuma ya gereji na sare begani. Mama alishona viti vya magari vilivyochanika, sindano ikikatika mara kwa mara kwenye ngozi ngumu, naye akiitukana kwa majina ya watu wa hospitali.

Kebo alikaa. Hakusimulia tena. Mafundi wa gereji walijaribu kumchokoza, "Mzee, tupe stori ya mjini," naye akawajibu kwamba mjini hajafika. Jioni binti akirudi alimuuliza swali moja, "Imeshinda salama?" na binti akamjibu, "Imeshinda," na hapo yakaisha. Mkataba ulikuwa umeongezwa mara moja, kwa muda mfupi kuliko wa kwanza. Mkuu alisema anamwangalia.

Jioni moja walikuwa wanakula, redio ikitangaza mpira kwa fujo, simu ya binti ikalia. Alipoona jina alinyanyuka, lakini chumba hakikuwa na mahali pa kwenda. Akapokea palepale, amesimama kati ya kitanda na pazia.

"Shikamoo, Mkuu."

Simu yake ilikuwa ya zamani, sauti ya upande wa pili ilimwagika nje.

"Marahaba, marahaba. Sikiliza, niko mbele ya swichi hapa, nina wageni wa bodi nataka niwaoneshe kitu. Paswadi yangu inanikatalia, sijui imekwisha muda. Hebu nitajie yako niingie haraka."

Mama akaacha tonge hewani. Binti akageuza uso kuelekea ukutani.

"Mkuu, ningekuja mwenyewe. Ni nusu saa tu..."

"Nusu saa ya nini? Watu wamesimama. Au kuna tatizo?"

Nyuma yake zilisikika sauti za wageni, mtu akicheka, kikombe kikiwekwa kwenye sahani yake.

"Hakuna tatizo, Mkuu," binti akasema.

"Nitajie basi. Polepole, naandika."

Akaanza kutaja, herufi moja moja, kubwa ni kubwa, ndogo ni ndogo. Mkuu akasema hasikii, kuna kelele gani huko, arudie. Binti akafumba macho, akaanza upya tangu herufi ya kwanza.

Kebo akanyoosha mkono, akapunguza redio.